Maswali na Majibu: Hedifoni za Ndegeni na Kwingine Kwenye Kelele

Maswali ya mwezi huu karibu yote yanahusu jambo moja: kelele za safarini na vifaa vya kuzipunguza. Tumechagua yale yanayowagusa wengi. Tunaposema hedifoni, tunazungumzia zile kubwa zenye mito inayofunika sikio zima. Visikizi ni vile vidogo vinavyoingia kwenye tundu la sikio na raba zake.

Nasafiri mara kwa mara kati ya Bukoba na Dar kwa ndege ya mapangaboi. Nilinunua visikizi Kariakoo, boksi limeandikwa ENC kwa herufi kubwa na muuzaji akanihakikishia kwamba vinakata kelele. Ndani ya ndege ngurumo iko palepale. Nimeuziwa feki?
*Msomaji, Bukoba*

Visikizi vyako huenda ni halali kabisa. Kazi ya ENC ni kusafisha sauti yako wewe unapoongea na simu: maiki huchuja kelele ili yule wa upande wa pili akusikie vizuri. Masikioni mwako haipunguzi chochote. Maandishi ya CVC unayoyaona kwenye maboksi mengine nayo ni ya simu vilevile. Wauzaji wengi wanalisoma boksi kwa nia njema na hawajui tofauti, kwa hiyo jukumu la kuijua linabaki kwa mnunuzi.

Herufi za kutafuta ni ANC, za mfumo unaozima kelele masikioni mwako. Hapo kunakuwa na maiki ndogo upande wa nje, na kwa bidhaa nzuri kuna nyingine ndani, karibu na spika. Maiki hunasa ngurumo, saketi inatengeneza wimbi lililo kinyume chake, linalopanda pale ngurumo inaposhuka, na mawimbi hayo mawili yakikutana mlangoni mwa sikio yanafutana. Wazo ni la siku nyingi. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936, lakini ilibidi vifaa vya umeme viwe vidogo na vyepesi kwanza. Kampuni ya Bose ilianza kuwauzia marubani hedifoni za namna hiyo mwaka 1989.

Kwa ndege unayopanda wewe, hesabu inakubali vizuri. Pangaboi la ndege aina ya ATR 72 za siku hizi lina mapanga sita. Likiwa angani huzunguka takriban mara 980 kwa dakika, maana yake kila sekunde mapanga hayo yakihesabiwa yote yanapita ubavuni mwa ndege karibu mara 98. Hiyo ndiyo ngurumo ya hezi 100 hivi, yaani mitetemo 100 hivi kwa sekunde, unayoisikia mpaka kwenye meno. Wimbi la hezi 100 huchukua milisekunde 10 kukamilika, na saketi inapata muda wa kutosha kulijibu. Sauti ya hezi 5,000, kwa mfano mlio wa "s" wa mtu anayenong'ona kiti cha nyuma, inakamilika kwa milisekunde 0.2 tu. Wimbi la kinyume likichelewa hata kidogo linafika wakati si wake, na linaweza hata kuongeza kelele. Ndiyo maana ANC hufanya kazi yake kubwa chini ya hezi 1,000. Juu ya hapo kinachokulinda ni kuziba tu: raba ikae vizuri sikioni, au mto ugande vizuri kuzunguka sikio. Tutalirudia hili la kuziba katika karibu kila jibu hapa chini, kwa sababu ndilo linalowaangusha wanunuzi wengi. ANC kali kwenye raba isiyokukaa ni pesa iliyopotea.

Ukirudi dukani, usikubali kuvijaribu kwa muziki. Muziki huficha kila kitu. Fanya hivi:

Vaa kisikizi bila kupiga wimbo wowote, usimame karibu na feni kubwa, jenereta, kiyoyozi au barabara yenye malori. Zima ANC, subiri kidogo, kisha iwashe. Ngurumo nzito inatakiwa ishuke ghafla, kama mtu aliyefunga mlango. Usiposikia tofauti yoyote, au ukisikia mchirizo wa "shhh" tu umeongezeka, rudisha. Ikishuka, fungua mdomo kama unayepiga miayo na ugeuze shingo kushoto na kulia. Ngurumo ikiingia na kutoka, raba si saizi yako. Kwa hedifoni kubwa, bana mito kidogo kwa viganja. Ukiibana na kelele ikapungua sana, ujue ukiiachia inavuja, na itavuja hivyo hivyo angani. Mwisho, ikae kichwani dakika 15 au 20 kabla hujatoa hela. Maumivu ya utosi na ncha ya sikio hayajitokezi dakika ya kwanza.

Hata kiti kina msaada. Kwenye ATR, safu za mbele ziko usawa wa mapangaboi na ndizo zenye ngurumo kuliko zote. Nyuma, karibu na mlango wa kuingilia, kuna nafuu ya wazi. Ndege za Dash 8 Q400, nazo za mapangaboi, zina mfumo wao wenyewe wa kupunguza mtetemo uliofungwa kwenye kiunzi cha ndege, lakini hata humo ukiweza kukaa mbali na usawa wa pangaboi, kaa.

Assalam aleikum. Mimi ni mtu mzima, navaa hijabu na miwani. Mwanangu alinipa hedifoni kubwa za bei, nimezivaa safari ya Unguja kwenda Muscat lakini sikuona ajabu aliyonisifia. Yeye anasema zinamfaa sana. Nakosea wapi?
*Msomaji, Unguja*

Waalaikum salaam, mama. Hukosei popote, na hedifoni si mbovu. Zinavuja kwa sababu ya vitu viwili vinavyokaa kati ya mto na ngozi yako.

Cha kwanza ni kitambaa. Sauti nzito hupita kwenye upenyo mdogo mno, na hijabu ni upenyo mzunguko mzima wa sikio. Hapo ile saketi ya kuzima ngurumo inafanya kazi kwenye chumba chenye dirisha wazi: inazima, na nyingine inaingia. Hata besi ya muziki au kisomo inapotea kwa njia hiyohiyo, ndiyo maana unahisi sauti imekuwa nyembamba. Cha pili ni mkono wa miwani, unaouinua mto pale nyuma ya sikio. Mikono minene ya plastiki ndiyo mibaya zaidi. Ile myembamba ya chuma huacha upenyo mdogo, na mito laini sana huweza kuufunika.

Suluhisho ambalo tungelichukua wenyewe ni visikizi vyenye ANC vinavyovaliwa chini ya hijabu, kwa sababu vinaziba ndani ya tundu na hijabu haiingilii kuziba huko, wala miwani haina habari navyo. Lakini angalia mambo matatu. Kitambaa kikigusa maiki ya nje kila ukigeuka, utasikia mkwaruzo, kwa hiyo vitambaa laini vya pamba au jezi vinafaa kuliko vile vinavyochakarika. Hijabu iliyobanwa sana husukuma kisikizi ndani na baada ya saa mbili sikio linauma. Legeza kidogo sehemu ya masikio, au chagua visikizi vifupi visivyochomoza. Tatu, vile vinavyoendeshwa kwa kugusa kwa kidole havitakusikiliza vizuri ukigusia juu ya kitambaa, au vitajizima vyenyewe kitambaa kikivigusa. Kwenye programu ya simu unaweza kuzima mguso huo na kuendesha kila kitu kwa simu.

Kama unataka kuendelea na hizo kubwa za mwanao, ziwekwe juu ya ngozi, hijabu ipite juu ya mito. Wengi hufanya hivyo wakiwa wameketi ndegeni na wakaona tofauti papo hapo. Shida yake ni joto, na kwamba mhudumu akiomba uzivue wakati wa kuruka au kutua itabidi ufungue kila kitu.

Jibu hili linawahusu pia waliosuka. Rasta nene au nywele zilizofungwa kwa pembeni huinua mto vilevile. Sogeza misuko nyuma ya sikio kwanza, kisha teremsha hedifoni, na utepe wa juu upite mahali ambapo nywele ni tambarare.

Nitapanda ndege ya moja kwa moja Nairobi hadi New York. Nataka kutazama filamu za kwenye kiti kwa hedifoni zangu za bluetooth. Nimeambiwa ndege zina matundu mawili na zangu hata waya sina hakika kama zinao. Nijiandae vipi, na betri itanifikisha?
*Msomaji, Nairobi*

Safari hiyo, ambayo Kenya Airways waliianza Oktoba 2018, inachukua takriban saa 15. Anza na betri. Visikizi vya aina ya AirPods Pro vya toleo la pili hukaa karibu saa 6 ANC ikiwa imewashwa, kisha lazima virudi kwenye kasha vichajiwe. Utavivua mara mbili au zaidi njiani. Hedifoni kubwa kama Sony WH-1000XM4 zimetajwa na mtengenezaji kufikia saa 30, na hata zikiwa zimechakaa kidogo zinakufikisha. Kwa safari ndefu namna hii tunashauri kubwa, mradi kichwa kinazivumilia. Uzito unahesabika hapo: hizo Sony ni gramu 254, AirPods Max ni kama gramu 385. Hizo gramu 130 za ziada juu ya utosi kwa saa 15 utazihisi.

Sasa tundu. Siku hizi viti vingi vina tundu moja la milimita 3.5, lile la kawaida la simu za zamani. Ndege za umri mkubwa zina matundu mawili yanayokaribiana, kila moja likibeba sauti ya sikio moja. Ukichomeka pini ya kawaida kwenye tundu mojawapo utasikia upande mmoja tu, na watu hudhani hedifoni imeharibika. Dawa yake ni adapta ndogo yenye pini mbili. Ni rahisi, haizidi ukubwa wa kifundo cha kidole, na hedifoni nyingi za safari huja nayo kwenye kasha. Itafute humo kabla hujanunua nyingine.

Angalia kama hedifoni zako zina tundu la waya. Zikiwa nalo, waya ndio njia bora: hakuna kuchelewa kwa sauti, na betri inaliwa kidogo. Kuna jambo la kuuliza mapema, nalo ni kama zinapiga kwa waya betri ikiwa imeisha. Bose nyingi na Sony nyingi zinaendelea kupiga, ANC tu ndiyo inayozima. AirPods Max haitoi sauti yoyote bila chaji, hata ukichomeka waya.

Kama hakuna tundu la waya, utahitaji kirushio cha bluetooth, kile kidude kinachochomekwa kwenye kiti na kurusha sauti hewani. Kichaji usiku wa kuamkia safari na ukiunganishe nyumbani, usisubiri kufika kwenye kiti chembamba gizani. Weka hedifoni kwenye hali ya kutafuta kwanza, kisha bonyeza kitufe cha kirushio mpaka taa imetemete, na uzime bluetooth ya simu yako, kwa sababu hedifoni itaikimbilia simu iliyoizoea. Tatizo la kawaida ni midomo ya waigizaji kutokwenda na maneno. Mfumo wa msingi wa bluetooth, SBC, huchelewesha sauti kiasi cha milisekunde 150 hadi 250, na jicho linaliona hilo. Mfumo wa aptX Low Latency unashusha mpaka karibu milisekunde 40, lakini lazima kirushio na hedifoni vyote viwili viwe nao. Kimoja kikiukosa, vinarudi kwenye SBC kimyakimya.

Sauti ya kiti iweke kati, na ya hedifoni ndiyo uiongeze. Ukiweka ya kiti mwisho, tangazo la rubani likiingia hukata filamu na kuja kwa nguvu mpaka unaruka.

Kuhusu pawabenki: haziruhusiwi kwenye begi linalopelekwa tumboni mwa ndege, ni za kubeba mkononi, na kikomo cha kawaida bila kibali ni saa-wati 100. Ya mAh 20,000 ni saa-wati 74, iko salama. Soma pia masharti ya shirika lako. Emirates, kwa mfano, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 hawaruhusu kuzitumia ndani ya ndege, na abiria anabeba moja tu.

Nikivaa visikizi ndege inaposhuka masikio yanauma sana, hasa Dar. Tena hata nikiwasha ANC nyumbani nahisi kama nimezamishwa majini. Je, vinanidhuru?
*Msomaji, Arusha*

Hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa yote yanaitwa shinikizo.

Hisia ya kuzama ukiwasha ANC haitokani na hewa kubanwa. Ngurumo nzito imetoweka ghafla huku sauti nyembamba zikibaki, na ubongo unaitafsiri hali hiyo kama mabadiliko ya hewa. Haikuumizi ngoma ya sikio. Watu wengi huizoea baada ya siku chache. Kwa wengine inaleta kichefuchefu, na hao wapunguze nguvu ya ANC kwenye programu ya simu au watumie raba za sponji bila ANC.

Maumivu ya kutua ni ya kweli. Hewa ndani ya ndege hubanwa mpaka iwe sawa na ya mlimani, kwa kawaida isiyozidi mita 2,400, na kwenye Boeing 787 kama mita 1,800. Ndege ikishuka, hewa hiyo inaongezeka, na sikio la kati linatakiwa kusawazisha kupitia mrija mwembamba unaoelekea kooni. Hapa ndipo Dar inapotofautiana na Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, kwa hiyo ukitua hapo na 787, masikio yana kazi ndogo sana. Ukitua Dar, Mombasa au Unguja, unashuka mpaka usawa wa bahari na masikio yanabeba tofauti yote.

Raba iliyoziba sana inaongeza tatizo lake: inafungia hewa kidogo kati yake na ngoma ya sikio, na hewa hiyo haibadiliki sambamba na ya ndani ya ndege. Kwa hiyo ndege inapoanza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, vua visikizi, meza mate, tafuna kitu, piga miayo. Hedifoni kubwa hazina shida hiyo kwa kiasi kikubwa kwa sababu mito yake huachia hewa. Ukiwa na mafua makali, ule mrija umevimba, na hapo hata bila visikizi unaweza kuumia vibaya. Zungumza na mfamasia au daktari kabla ya kusafiri.

Sina hela ya hizo za ANC. Kuna njia ya bei nafuu ya kutuliza kelele ya ndege?
*Msomaji, Kigoma*

Ipo, tena nzuri kuliko watu wanavyofikiri. Nunua vizibo vya sponji, vile vya rangi ya njano au chungwa wanavyovaa mafundi viwandani. Maduka ya vifaa vya usalama kazini huuza kwa jozi. Aina ya E-A-R Classic ya 3M ina kiwango cha kupunguza kelele cha desibeli 29 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kilichopimwa maabara. Mtaani, kwa uvaaji wa kawaida, tegemea nusu yake hivi, na inaongezeka ukijua kuvaa.

Uvaaji ndio siri yote. Nawa mikono. Viringisha kizibo polepole katikati ya vidole mpaka kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta ncha ya sikio juu na nyuma, tundu linanyooka. Ingiza haraka, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 kikitanuka. Ukikiona kimechomoza nusu nzima kwenye kioo, hakijaingia. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito ukiongea, kimekaa.

Usidanganyike ukanunua yale makofia makubwa ya masikio ya wachomeleaji kwa ajili ya ndege. Yanazuia vizuri milio ya juu, ila kwenye ngurumo nzito ya hezi 100 sponji iliyoingia vizuri huyashinda.

Ukitaka na muziki, tafuta raba za sponji zinazovishwa kwenye visikizi vya kawaida vya waya badala ya zile za silikoni. Zinaviringishwa na kushikiliwa vilevile. Pima kipenyo cha shingo ya kisikizi chako kwanza, maana raba ya shingo pana itabaki ndani ya sikio ukivuta kisikizi. Sponji huchoka baada ya miezi michache: ikichelewa sana kurudi umbo lake, au isiporudi kabisa, itupe. Na si lazima masikio yote mawili yatumie saizi moja. Watu wengi wana sikio moja lenye tundu pana zaidi.

Mtoto wangu wa miaka sita anapenda kuvaa hedifoni zangu ndegeni. Kuna ubaya?
*Msomaji, Kampala*

Ubaya uko kwenye sauti. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walitoa kiwango cha vifaa vya kusikilizia: watu wazima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, watoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Mnunulie za kipimo chake, zenye kikomo cha sauti. Lakini kikomo kinachoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni desibeli 85, na mtoto aliyezungukwa na ngurumo ya ndege ataipandisha mpaka hapo na kuiacha hapo. Hedifoni ya mtoto inayoziba vizuri ni salama kuliko yenye kikomo isiyoziba, kwa sababu hahitaji kushindana na injini. Weka sauti wewe mwenyewe mkiwa mmeshakaa, kabla ndege haijawasha injini, na usimwongezee baada ya hapo.

Kwa wakubwa nao, hesabu ni hii. Ndani ya ndege ya jeti ikiwa angani kelele ni takriban desibeli 80 hadi 85. Ukisikiliza kwa visikizi visivyoziba, utapandisha muziki mpaka upite kelele hiyo, ufike 90 au zaidi bila kuhisi. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, kwa wafanyakazi ni saa 8 kwa desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Safari ya Dar hadi Dubai peke yake ni zaidi ya saa 5.

Nataka ANC kwa ajili ya daladala na bodaboda za kwenda kazini. Ile ya ndege itanifaa?
*Msomaji, Mbagala*

Kwenye daladala itakusaidia nusu. Injini na matairi yatapungua. Konda anayeita abiria, honi na spika iliyo juu ya kichwa chako zitabaki kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa ni sauti za kati na za juu zinazobadilika kila mara. Huko raba inayoziba vizuri ina thamani kuliko ANC ya bei kubwa. Kaa macho pia na kituo chako.

Kwenye bodaboda, hapana. Upepo ukipiga maiki za nje, saketi inauchukulia kama ngurumo na kukurushia mvumo mkubwa masikioni. Bidhaa nyingine zina hali ya upepo inayozima maiki hizo, na hapo unabaki bila ANC. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba unahitaji kulisikia lori linalokuja nyuma, na dereva wako analihitaji zaidi. Kofia ngumu kichwani, masikio wazi.

Mito ya hedifoni zangu inabanduka magamba meusi yanayonishika usoni, na nazitunza. Ni miaka miwili tu. Tena naona zamani zilizima kelele vizuri kuliko sasa.
*Msomaji, Mombasa*

Malalamiko yako yote mawili yana chanzo kimoja. Mito mingi imevikwa ngozi ya bandia ya polyurethane, na nyenzo hiyo huoza kwa unyevu, joto na jasho. Hewa ya pwani inaiharakisha. Ikishapasuka, mto hauzibi tena, na ANC inadhoofika ingawa umeme wake ni mzima.

Badilisha mito kabla hujafikiria hedifoni mpya. Mito ya badala inauzwa kwa jina la modeli, na lazima modeli iwe ileile kabisa. Ya toleo jirani inaweza kuingia lakini ikaacha upenyo, au ikaziba tundu la maiki ya ndani. Hedifoni nyingi mto umeshikwa kwa vijino vya plastiki: ingiza kitu bapa cha plastiki, si bisibisi, chini ya ukingo, inua taratibu kuanzia upande mmoja, na uzunguke. Kwa nyingine mto ni wa kuvuta tu au wa gundi. Ndani utaona kitambaa chembamba cha kufunika spika. Kisafishe kwa brashi laini kavu, usipulize kwa mdomo. Mto mpya una alama ya juu na chini, au kushoto na kulia. Bana ukingo mzunguko mzima mpaka usikie kila kijino kimeingia, kisha rudia jaribio la feni tulilolieleza kwa msomaji wa Bukoba. Upande mmoja ukinguruma kuliko mwingine, kuna kijino hakijakaa.

Baada ya hapo, futa mito kwa kitambaa kikavu kila ukizivua zikiwa na jasho, usitumie spiriti wala mafuta, na usizifungie kwenye kasha zikiwa na unyevu. Kama hutazitumia kwa miezi, ziache na chaji ya nusu, mahali pasipopigwa na jua. Ndani ya gari lililoegeshwa Mombasa mchana si mahali pake.

Mtoto akilia kiti cha nyuma, ANC itamzima?
*Msomaji, Kigali*

Haimzimi. Kilio kina nguvu nyingi kwenye hezi 1,000 hadi 4,000, eneo ambalo ANC imeshachoka. Vaa raba za sponji zilizoingia vizuri, washa ANC juu yake ili injini ipungue, na piga kitu chenye sauti ya mfululizo, mvua au kisomo, kwa sauti ya chini. Mtoto atasikika kwa mbali.